Kiti cha Hamadi
Tooting, Jumanne, Novemba

Kiti cha marehemu bado hakijageuzwa. Salma alitaka kukielekeza kwenye televisheni. Nikamwambia kiache, mwanangu, baba yako alikuwa akitazama kwao.

Miaka yote niliamini hivyo. Mgongo ukutani, uso kusini, kutoka huku ughaibuni kuelekea kwao Unguja. Nilipomletea chai na kumkuta kimya, niliondoka taratibu, nisimkatize safari yake. Sikumuuliza hata siku moja.

Leo Salma kaniletea kitabu chake cha chuo, chenye ramani ya Peking ya zamani.

"Mama, tazama. Wachina wa zamani waliona kaskazini ndiko kunakotoka baridi na shari, kwa hiyo kasri imeupa mgongo upande huo. Mfalme hukaa akitazama kusini. Mji mzima umepangwa hivyo." Kisha akacheka. "Kumbe Baba alijifanya mfalme wa Kichina!"

Nami nilicheka, lakini moyo... Hamadi alisoma Peking baada ya Mapinduzi ya Unguja, kabla hajanioa. Alirudi na birika la chai na tabia zake. Je, alikuwa akitamani kwao, au alikaa tu kama alivyojifunza huko? Kama sikujua hata alichokitazama, nilimjua kweli mume wangu?

Salma alipokwenda kulala nilikikalia kiti chake, mara ya kwanza tangu tumzike. Dirisha liko juu, ukikaa huoni nje. Mbele yangu ulikuwa mlango wa jikoni, wazi, na jiko, pale ninaposimama kupika.

Sasa ndiyo sijui kabisa alikuwa akitazama nini, au nani. Kiti kibaki hapo hapo.