Matanga Ndani ya Ghala la Kahawa

Nyakasimbi, 14 Mei 1991. Asubuhi ukungu mzito, kisha manyunyu. Jua limetoka saa nne.

Shikamoo Mama Koku,

Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo utaninunia hata huko uliko.

Nina habari za ghalani. Siku tuliyokuzika, wachambuaji wote wa kahawa tulikuja kwako, kama ilivyo kawaida yetu: penye msiba jirani hakuna anayeshika jembe, sembuse ungo wa kahawa ya tajiri. Kumbe msimamizi alitukata wote ujira wa siku ile. Tulipomuuliza akasema mazishi si kazi, na wewe hukuwa mama wa mtu yeyote mle ndani.

Hilo ndilo lililonichoma, Mama. Miaka yote umekaa kwenye ile sakafu ya saruji, unakohoa vumbi, unaomba mabenchi. Leo hukuwa mama wa mtu.

Ungekuwepo ungemjibu. Nakumbuka alivyokuwa akilitikisa debe letu la kupimia ujira ili kahawa ishuke, kisha anasema, "Bado, halijajaa." Nawe unamwambia, "Baba, hilo ni debe au ni mlima? Tukuletee ngazi?" Ghala zima linacheka. Halafu unanitilia kiganjani punje zako za kahawa ya kutafuna: "Tafuna, mwanangu, usije ukasinzia ukanichambulia mawe."

Basi jana Veneranda, yule mtani wako ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, alikuja kazini na mzigo wa nyasi kichwani. Akazitandaza sakafuni pale ulipozoea kukaa, kama zinavyotandazwa nyumba yenye matanga. Akanyoosha miguu kama yuko msibani na kusema, "Aliyekatwa pesa kwa ajili ya msiba, akae amalize msiba wake." Tukakaa wote. Nyungo tukaziweka kando.

Msimamizi akatishia kwamba ataleta vibarua wengine, na kweli akatuma gari hadi Nyakakika. Wanawake wakashuka na nyungo zao. Walipoona nyasi wakauliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Tukawaambia. Mama, walivua kandambili mlangoni, wakatupa pole mmoja mmoja, wakakaa nasi! Laiti ungeuona uso wa msimamizi.

Mchana alirudi peke yake. Naye akavua viatu, akachuchumaa pembeni ya nyasi, akauliza, "Mfiwa ni nani hapa?" Koku wako alikuwa ameshasafiri kurudi kwa mumewe. Wakaninyooshea mimi vidole, wote.

Niliogopa. Unajua alikuwa ameniahidi ukarani msimu ujao kwa sababu ya shule yangu, na wewe ulikuwa umeshaanza kuniita Bibi Karani. Akanipa pole. Akasema, "Haya, wewe ndiye mwenye msiba, anua matanga, watu wafanye kazi." Ya ujira aliotukata hakuyasema. Nikatazama lile debe nyuma yake.

"Bado," nikamwambia.

Veneranda akadakia, "Litikise kidogo, baba, huenda likajaa!" Tulicheka, Mama, tukiwa juu ya nyasi za msiba wako, halafu nikalia mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Sikuweza kulia siku ya mazishi. Sijui kwa nini.

Leo asubuhi ametulipa siku ile, sote. Ukarani amempa mtu mwingine. Nimeumia, sikufichi, lakini nilipoketi na ungo wako mapajani sikutamani kukaa penye meza ya karani.

Nyasi nilizikusanya mwenyewe. Jioni nimezipeleka kwako nikazitandaza chini ya migomba yako, ile ya karibu na jiko, maana udongo ulikuwa umebaki wazi. Mkungu mmoja umekaribia kukomaa. Koku nitamtumia habari.

Mabenchi bado. Nakuahidi nitamuuliza kila Jumatatu, kwa adabu, mpaka aichoke sauti yangu kama alivyoichoka yako. Na punje za kutafuna ninazo mfukoni. Kuna msichana mpya anayesinzia, kesho nitamtilia kiganjani.

Pumzika, Mama yangu. Matanga nimeyaanua. Wewe sijakuondoa moyoni.

Saa tano na robo usiku. Sasa nalala.