Airisi za Siavash

Mahrokh mwanangu,

Huku theluji imevunja uzio, na baba yako bado anakohoa. Zile airisi fupi za maua ya buluu, ambazo kaka yako Siavash alizipanda kando ya ukuta kabla hajaenda vitani, zimechanua kwenye theluji.

Kila Alhamisi ya mwisho kabla ya mwaka mpya wa Nouruzi, watu wakipeleka maua makaburini, jirani Turan huniuliza, "Shoga, yako unamtunzia nani?" Nami humjibu, "Mwenyewe yuko njiani!"

Jana alinikuta nimeinama na mkasi, akainama kando yangu. Nimezikata zote, mwanangu, nikaziweka kwenye kaburi la askari asiyejulikana jina.

Baba yako nimemwambia zimeliwa na mbuzi. Mbuzi tulishawauza zamani, lakini alitikisa kichwa kukubali.

Mama yako,
Golandam