Viatu Mkononi Uwanjani Rossio

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Igamba hatujambo. Kikohozi cha babu yako kimepungua, na kahawa tumeanza kuichuma. Umeuliza kama kweli nilivua viatu katikati ya uwanja wa Rossio, huko Lisbon uliko, au mama yako ananisingizia.

Ni kweli. Nilikuwa binti, tumekwenda kuimba na kwaya ya kanisa. Nilipoona yale mawe madogo meusi na meupe yaliyopangwa kama mawimbi, nikakumbuka sakafu ya mama yangu, aliyoisiriba kwa udongo na kuichora mawimbi kwa mikono yake. Sakafu ya namna ile kwetu huikanyagi na viatu. Nikavivua, nikavuka navyo mkononi. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini, nami nikaona aibu.

Kando alikuwepo mzee amepiga magoti, anarudishia mawe yaliyong'oka. Alitazama miguu yangu, kisha akavua kofia, akaiweka kifuani. Hatukuwa na lugha ya kusemezana.

Unasema unasafisha sakafu za watu huko na hakuna anayekuona. Nadhani na yule mzee alikuwa hajaonwa siku nyingi.

Jumapili pita pale, utembee taratibu. Viatu usivue, kuna baridi.

Bibi yako