Vania hakunywa uraka

“Mjukuu wako kalewa uraka wa mabibo, usinizungushe,” ndivyo jirani yetu Modesta alivyonibwatukia uani asubuhi hii, watu wamejaa. Nikamwambia kilicholewa hapa ni ulimi wake.

Americo mwanangu, Vania hajaonja kitu. Vipele vya tetekuwanga vimekauka juzi tu, leo anayumba na kijiko hakifiki mdomoni. Nesi kasema kwa simu kwamba ugonjwa huo huweza kugusa ubongo, nimpeleke upesi. Tupo hospitali. Leta khanga na kadi yake. Na wewe uliyesema alale pombe imtoke, tutaonana.

Ugali na samaki vipo mezani. Modesta akija kuchungulia, ~~mfungie mlango~~ mkaribishe ale. Akishajaza mdomo, mweleze mtoto anaumwa nini.

Mama yako