Anadhani Bado Nimemshika

Mshauri, shikamoo. Barua za wenzangu huwa nazisoma huku nikicheka na kusema watu wana mambo, sasa leo zamu ya kuchekwa ni yangu, ila ukishacheka nakuomba unisaidie maana nimekwama.

Mimi ni kocha wa jimnastiki, nafundisha watoto jioni katika ukumbi ambao zamani ulikuwa ghala la mbao, na mmoja wao ni mtoto wa dada yangu mkubwa, binti wa miaka kumi na moja ambaye pale tunamwita Mjusi kwa jinsi anavyong'ang'ania chochote kinachopandika. Kipaji Mungu amempa, lakini amempa na woga, tena woga wa mahali pamoja tu, kwenye chuma cha juu, lile bomba lililolazwa hewani ambalo mtoto hulishika kwa mikono miwili, akabembea mpaka akasimama juu yake kichwa chini miguu juu, kisha akajiachia aanguke na kuzunguka duara zima bila kukunja viwiko. Mwanzoni tunawafunga mikono kwenye chuma kwa vitanzi vya kitambaa, hata vidole vikichoka mtoto haendi popote, na humo Mjusi alizunguka kama feni, ila tulipovua vitanzi akagoma kabisa mpaka mimi nisimame juu ya boksi pembeni yake, mkono mmoja begani mwake na mwingine mgongoni, na kabla ya kuanza lazima aulize, "Mjomba, umenishika?" nami nijibu, "Nimekushika," ndipo aende.

Sasa mshauri, kuna siku niligundua mkono wangu haufanyi kazi yoyote, mtoto anapita mwenyewe, basi nikaanza kuupunguza kidogo kidogo, mpaka sasa namgusa fulana tu kwa ncha za vidole anapopita, anazunguka peke yake safi kabisa, na akiniuliza bado namjibu nimekushika. Ukumbi mzima unajua, watoto wenzake wanakonyezana, kocha msaidizi anageuka ukutani kuficha kicheko, asiyejua ni yeye tu.

Ningekaa kimya, lakini mwisho wa mwezi kuna mashindano ya vilabu na kanuni zinasema kocha anaweza kusimama karibu ila asimguse mchezaji. Mjusi aliposikia hivyo akasema basi yeye hapandi, nami kwa kutaka kumtuliza nikamwambia nimeshazungumza na waamuzi wamenikubalia nimguse kidogo, jambo ambalo si kweli, hata hao waamuzi siwajui.

Halafu nikajiponza mwenyewe. Nilikwenda kwa dada, yeye ni fundi cherehani, nikamwonyesha kwenye simu video ya mwanawe akizunguka, nikitegemea atapiga vigelegele. Akasimamisha cherehani, akaitazama, akairudia, akaniuliza, "Mkono wako uko wapi hapo?" Nikacheka nikamweleza. Yeye hakucheka. Akasema, "Yaani mwanangu yuko kichwa chini, na wewe unamdanganya?" Amenipa mpaka Jumapili, nisipomwambia mtoto, atamwambia yeye. Kocha msaidizi naye anasema, "Ukimwambia sasa hapandi tena. Mwache ashindane kwanza, akishuka na medali utamwambia, mtacheka wote."

Na nisisahau kichekesho cha juzi, Mjusi alikuwa anapanda upande wa pili wa duara akahisi vidole vinateleza, na badala ya kubana na kurudi nyuma kama tunavyowafundisha, akaachia mikono yote miwili, akaja kama mzigo, nikamdaka kiunoni tukaangukia godoro wote wawili, watoto wakavunjika mbavu. Nikamuuliza kwa nini umeachia, akanitazama akashangaa, "Si ulikuwa umenishika, mjomba?"

Nimwambie kabla ya mashindano au baada? Ninampenda huyu mtoto, na mwakani nataka kumfundisha kuachia chuma hewani na kukidaka tena, na pale bila kuniamini hatuwezi kitu.

Mjomba wa juu ya boksi.

JIBU

Marahaba, Mjomba. Nimecheka kama ulivyoniruhusu, nimecheka mpaka kwenye hicho unachokiita kichekesho cha juzi. Hapo niliweka kikombe chini.

Mimi chuma chako sikijui. Nikining'inia leo, kesho mtanisikia kwenye matangazo ya vifo. Lakini kusoma najua, na barua yako nimeisoma kuliko ulivyoisoma wewe. Unaniuliza kama ukimwambia ukweli ataogopa. Wakati huohuo umeniandikia, kwa kalamu yako mwenyewe, kwamba mtoto aliteleza akaachia mikono yote kwa sababu uliyompa wewe mwenyewe. Umemfundisha kubana vidole, halafu ukamwambia neno linalomfanya asihitaji kubana. Siku ile ulimdaka. Hukumdaka kwa sababu ulikuwa umemshika, ulimdaka kwa sababu ulibahatika. Nasikitika kulisema hivyo, lakini nimeogopa kwa niaba ya mama yake.

Sikulaumu kwa kuanza. Kila aliyewahi kumfundisha mtoto baiskeli ameachia kiti bila kusema, na mtoto akageuka akamwona mtu yuko mbali nyuma, akapiga kelele, yakaisha siku hiyohiyo. Wewe umeendelea kukimbia nyuma ya baiskeli jioni baada ya jioni ukisema nimeshika, nimeshika. Halafu baiskeli ilipotaka kuingia barabara kuu ukawaongeza na waamuzi! Watu usiowajua hata kwa sura! Mjomba mzima! Nadhani kuna kitu kingine pia, nawe ukikatae ukitaka: umependa kuulizwa. Siku akijua anaweza mwenyewe, hakuna atakayekuuliza tena pale juu ya boksi. Hilo linauma, nakuelewa, lakini ni lako, usimbebeshe mtoto.

Kuhusu kocha msaidizi, mshukuru kwa ushauri wake, kisha usiufuate. Mtoto aliyeshuka na medali akaambiwa alidanganywa hatacheka na mtu. Atajiuliza nani mwingine alijua, na jibu ni kwamba wote walijua.

Kwa hiyo usingoje Jumapili. Mwambie leo, kabla hajagusa chuma chochote, tena si ukumbini. Nenda nyumbani kwa dada yako, mama akiwepo na cherehani imezimwa. Sema kwa ufupi: sikuwa nimekushika, ulikuwa unazunguka mwenyewe, na waamuzi sijazungumza nao. Usianze na "kwa faida yako". Usimwonyeshe video mpaka aombe mwenyewe. Akilia mwache alie, akikuita mwongo kubali, maana hapo atakuwa hajakosea.

Mkirudi ukumbini, rudini kwenye vitanzi, hata kama ataona anashushwa darasa. Ile tabia ya kuachia mikono lazima imtoke kwanza, afundishwe upya kubana na kurudi nyuma mpaka mwili uzoee. Halafu pale chini ya chuma muwe na maneno matatu tu: nimekushika, nipo karibu, uko peke yako. Achague yeye anataka lipi, na utakalolitamka liwe ndilo unalolifanya, hata mkono wako ukichoka. Hao wanaokonyezana nao waambie mchezo umekwisha, na msaidizi atafute kitu kingine cha kutazama badala ya ukuta.

Mashindano? Ajiamulie. Akisema hapandi, hapandi, na usimnunulie kitu wala kumkasirikia. Vilabu vitashindana tena. Akisema hataki umfundishe wewe kwa sasa, mpishe msaidizi asimame juu ya boksi, nawe kaa kwenye benchi umtazame. Usinune, na usiondoke.

Ila jambo moja najua litatokea, kwa sababu watoto wa umri huo ndivyo walivyo. Akishamaliza kulia atakuuliza, "Tangu lini?" Utatamani kusema tangu juzi juzi tu. Usiseme hivyo. Mtajie muda wote, tangu siku ile hasa ulipoanza kutoa mkono, bila kuupunguza. Huko mwakani unakotaka kumpeleka, akiwa hewani hajashika chuma wala chuma hakijamshika, hatakuwa na kitu kingine cha kutegemea ila anachokijua juu yako, na atakuwa amekijua siku hiyo, kwa jibu hilo.