Kashe ya Ini

Gitega, Nyarugenge,
Kigali.
Jumapili, 12 Septemba 1993

Mpendwa mdogo wangu Gaudiose,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Kigoma? Shemeji mgongo wake umepoa? Sisi hapa wazima wote, na Mama pia, ila magoti yake yanamsumbua mvua ikikaribia. Salamu nyingine utazikuta chini, maana leo nina haraka, tena nina hasira na wewe.

Umeniandikia harusi ya jirani kurasa mbili nzima! Halafu pale mwisho kabisa ndipo unasema Évode tumbo limevimba, hakui, asubuhi anaamka amelegea na kutoka jasho, na kwamba mganga amesema ana sumu tumboni. Eti mwezi ukiandama mtampeleka afungishwe siku tatu bila kula ili sumu imtoke. Gaudiose! Nilikuwa sokoni nimesimama, ikabidi nikae juu ya gunia la maharage.

Usimpeleke. Nakuomba kwa ziwa la mama tulilonyonya, usimpeleke.

Sikiliza. Hayo unayoyaona kwa Évode ndiyo tuliyoyaona kwa Cassien wangu. Unakumbuka ulivyomcheka kwa kile kitambi chake ukamwita Bwana Mkubwa? Na sisi tulisema minyoo, tukasema utapiamlo, tukafika kwenye sumu, hata mume wangu Jean-Bosco akaanza kumkwepa jirani asiye na hatia. Februari, alfajiri, mtoto akashikwa na degedege. Tulimkimbiza hospitali, tukampata daktari mmoja mwanamke, Mukasine, mfupi, hana maneno mengi. Akamtia maji ya sukari kwenye mshipa. Mtoto akafumbua macho akaomba ndizi, naapa! Nikalia mbele za watu kama mwehu.

Damu yake ikapelekwa Ubelgiji, na majibu yakaja Juni. Nitakueleza nilivyoelewa mimi, maana daktari ilibidi arudie mpaka akachoka.

Ukila, sukari inayobaki inawekwa akiba kwenye ini. Usiku, tumbo likiwa tupu, ini linatakiwa kuitoa hiyo akiba kidogo kidogo. Anayeikata ni kimeng'enya, ndivyo wanavyokiita, kitu kidogo sana ndani ya chembe za mwili. Lakini hicho kimeng'enya hakijiamulii. Kinakaa tu, kizima kabisa, mpaka kimeng'enya kingine kije kukibandika kitu kinaitwa fosfati. Kikibandikwa, kinaanza kazi. Ukishakula, kinakuja kingine kuibandua, na kazi inasimama. Basi kwa Cassien mbandikaji ndiye mbovu. Sukari imejaa ini mpaka tumbo limevimba, na mtoto anazimia kwa kukosa sukari hiyo hiyo! Daktari anasema mwaka jana kuna wataalamu wawili walipewa tuzo kubwa huko Ulaya kwa kugundua mambo haya ya kubandika na kubandua, kwa hiyo usifikiri ni hadithi yangu.

Jean-Bosco alikuwa amezungushwa ofisi ya komini wiki nzima kwa karatasi moja iliyokosa kashe, muhuri mnavyosema huko. Aliposikia hayo akaangua kicheko: "Kumbe hata kwenye ini, bila kashe mambo hayaendi!" Daktari naye akacheka, mara ya kwanza tangu tumjue. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu tunasema ugonjwa wa kashe.

Dawa yake? Chakula! Mtoto asikae na njaa. Mchana ale mara kwa mara, na kabla ya kulala anywe maizena, ule unga laini wa mahindi wa dukani, umekorogwa na maji baridi. Mbichi, usiguse moto. Mama alipouona akakasirika kweli. "Mjukuu wangu si kifaranga!" Akanizunguka, akaupika uji mzuri wa maziwa, akamnywesha kwa mapenzi yake. Alfajiri mtoto jasho tele, macho yamegeuka. Kumbe ukipikwa unasagika upesi, sukari inaisha usiku wa manane, lakini mbichi unakwenda polepole mpaka asubuhi. Sasa Mama mwenyewe ndiye mlinzi wa kikombe, hata mimi haniamini.

Na leo ungemwona Cassien! Amerefuka, viatu vya Pasaka havimwingii, anapiga mpira mpaka namfuata na fimbo. Daktari anasema wengi wao wakikua, hali inapungua yenyewe. Ugonjwa huu hupita kwa mama asiyeugua ukampata mtoto wa kiume, ndiyo maana nina hofu na Évode. Si laana, na hakuna aliyekulisha kitu.

Huku mkataba wa amani umetiwa saini kule Arusha, na watu wanapumua. Jirani zetu wameanza kupaka rangi maduka. Krismasi njoo na mtoto, Mukasine amekubali kumwona. Kwa sasa mpeleke hospitali hapo Kigoma, uwape karatasi ya daktari niliyoiweka humu.

Jana nilimsomea Mama barua yako. Nilipofika kwenye siku tatu za kufunga, akanishika mkono. Unajua nyumbani kwetu jina la Aimable halitajwi. Wewe ulikuwa bado unanyonya, lakini mimi namkumbuka kaka yako, na tumbo lake, na mganga wa Buyenzi aliyesema asipewe kitu. Hakumaliza siku ya pili. Miaka yote hii Mama ameamini sumu ilimshinda nguvu. Jana akaniuliza polepole, "Alikuwa ananiomba uji, Béatha. Ilikuwa njaa tu?" Akajifunika kitenge usoni, akalia, nami nikalia naye. Kisha akafuta macho akasema, "Andika. Mwambie Gaudiose ampe mtoto chakula."

Basi iweke barua hii chini, umpe Évode ale. Salamu zitasubiri.

Umeshampa? Haya. Msalimie shemeji, na mama mkwe wako umweleze kwa upole kwa nini hamwendi kwa mganga, asije akadhani tunamdharau. Jean-Bosco anawasalimu, Cassien anamtumia ndugu yake mpira wake wa zamani. Frederick, dereva wa lori anayekuletea barua hii, atalala hapo kwenu usiku mmoja. Usimwache aondoke bila jibu, hata kama ni mstari mmoja tu, kwamba mtoto amekula na ameamka. Mama hatalala mpaka ausikie.

Mungu awafunike nyote, na kila asubuhi amwamshe Évode.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikufokea,

Béatha