Tarehe Thelathini na Moja Februari

Dada yangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute umeketi, miguu imepumzika, na kile kikohozi ulichonitajia kimeshatiwa adabu. Shemeji na watoto nawaombea uzima. Mimi mwili hauna neno. Kula nakula, kazini naenda. Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu imekuwa kama ya mtu anayesemea mtungini, nikakujibu kuwa ni mtandao. Haukuwa mtandao, Dada.

Unajua kwamba kila Jumamosi asubuhi nakaa kwenye meza ya dirishani, nikitazamana na ukuta wa jirani, nafanya ile kazi yangu ya kujitolea. Sidhani kama niliwahi kukueleza vizuri ni kazi gani. Ni programu ndogo ya kuhesabu tarehe. Peke yake haina maana. Watengenezaji wengine huichukua bure na kuichomeka ndani ya programu zao, kama seremala anavyotia kwenye kabati lake bawaba iliyofuliwa na mwingine. Yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha. Tunaoitunza tumebaki wawili: mimi, na mama mmoja mstaafu wa nchi ya mbali ambaye sijawahi kumtia machoni. Nimembandika jina la Bibi Koma, maana hata ukimtumia rambirambi atakurudishia zimesahihishwa hadi alama ya koma. Aliyeianzisha, Profesa, siku hizi anafuga nyuki na hataki kusikia habari za kompyuta.

Mwezi Machi alituandikia muuguzi wa kliniki ya kifafa. Alisema kompyuta yao ndiyo inayopanga nani aje lini kuchukua vidonge vya mwezi, na kwamba kila aliyehudhuria tarehe thelathini na moja Januari hakuwamo kabisa kwenye orodha ya Februari. Alikuwa amerukwa hadi Machi. Nilijaribu, nikaona ni kweli. Programu yetu ilikuwa ikitafuta tarehe thelathini na moja Februari, na ikiikosa, inaupita mwezi mzima kama mtu anayeruka dimbwi. Muuguzi alitaja waliorukwa kuwa ni watano. Wanne waliazimwa vidonge na wenzao. Wa tano, dobi, hakutaka kusumbua watu. Alianguka akiwa peke yake uani, uso ndani ya karai la kusuuzia nguo. Walipomkuta alikuwa ameshakata roho.

Basi tukaanza kuandaa toleo la marekebisho. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari minne tu, Dada, niliyaandika kabla chai haijapoa. Lakini toleo halitoki kwa mistari minne. Ilibidi majaribio yote yapite, na mawili yakagoma kwenye kompyuta za kizamani ambazo bado kuna watu wanazitumia. Watumiaji wawili watatu wakaja juu wakitaka na yao yaingizwe. Bibi Koma akawaambia hili ni toleo dogo, halibebi mizigo ya watu. Kisha tukakwama kwa Profesa. Ufunguo wa siri wa kulitoa anao yeye peke yake. Tulimbembeleza siku kumi na moja kama mtoto aliyenuna, na alipojibu alisema alikuwa kwenye mizinga, hakujua kama kuna haraka.

Siku ile toleo lilipotoka, Bibi Koma aliniambia kwa furaha kuwa angalau hatatokea dobi mwingine. Nami nikamwandikia muuguzi kumpa habari. Jibu lake lilikuwa la upole. Alisema yule fundi aliyewawekea programu aliondoka, simu yake haipatikani, na pale kliniki hakuna anayejua kubadilisha chochote. Wamerudia daftari. Na daftari moja limeshalowa.

Kwa hiyo, ukiniuliza kazi yetu imemsaidia nani, sina wa kumtaja.

Lakini si hilo linaloninyima raha. Tulipokuwa tunaandika maelezo ya toleo, Bibi Koma aliniuliza kama hitilafu hii iliwahi kuripotiwa kabla ya Machi. Nilimjibu kuwa haijawahi. Nilimdanganya. Iliripotiwa mwaka mmoja kabla, na aliyeiripoti ni muuguzi yuleyule. Ripoti ile niliifunga mimi kwa mkono wangu, isishughulikiwe tena. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na haraka ya kwenda popote. Hakuwa amejaza fomu yetu, hakutaja namba ya toleo, maandishi yake yalikuwa yamejaa makosa, nami nilikuwa nimechoshwa na watu wa kulalamika. Nikambandikia yale maneno tunayowabandikia wote: "Haijathibitika. Imefungwa." Sikujaribu hata mara moja. Ningejaribu ningeiona kwa dakika tano, na dobi angekuwa anaanika nguo.

Nilidhani muuguzi kanisamehe, au kasahau. Kumbe sivyo. Mwisho wa jibu lake lile la upole aliandika hivi: "Mwaka jana niliandika nikajibiwa na mashine. Safari hii nashukuru nimempata mtu."

Mashine ile ni mimi, Dada.

Nilimweleza Bibi Koma kila kitu. Ni siku ya tisa leo, hajajibu, naye si mtu wa kukaa kimya hata kwa nukta iliyokosewa. Muuguzi bado sijamwambia. Kila nikianza naona namwomba anitue mzigo wangu ili aubebe yeye. Nimetafuta ripoti nyingine nilizozifunga kwa maneno yale yale, nikakuta arobaini na tatu. Nimeanza kuzijaribu moja moja. Katika sita za mwanzo, mbili zilikuwa za kweli. Niliwaandikia wenyewe kuwaomba radhi. Barua zote mbili zimerudi; anwani hizo hazina mtu tena.

Nisalimie Shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Usijisumbue kunitafutia maneno ya kunifariji. Ukiisoma tu hadi hapa, inatosha.

Ni mimi mdogo wako,
wa mwisho kuzaliwa